Chakula safi kisiwe anasa ya wachache

Hivi karibuni mwandishi wa makala hii aliingia katika duka moja kubwa la kujihudumia jijini Dar es Salaam kununua sukari na chumvi. Katika rafu ya mboga aliona fungu dogo la mchicha, limefungwa vizuri na kubandikwa karatasi iliyoeleza, kwa Kiingereza, kwamba umelimwa bila mbolea wala dawa za viwandani. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara nne ya bei ya fungu la mtaani.

Jioni ile ile alipita gengeni kwa mama mmoja jirani yake, akamwamkia, kisha akamwuliza iwapo mchicha wake umepigwa dawa. Mama yule alicheka, akajibu bila kuficha: "Mwanangu, mimi nimeuchukua sokoni alfajiri. Aliyeulima simjui, na alichoupulizia sikijui."

Katika jibu hilo fupi limo tatizo lote tunalotaka kulijadili leo. Mwenye fedha anauziwa mboga pamoja na uhakika. Mwalimu, karani, mwuguzi na mfanyakazi wa kiwandani wanauziwa mboga peke yake. Uhakika umegeuzwa kuwa bidhaa ya anasa, na sisi wengine tunakula kwa kubahatisha.

Kilimo hai si jambo la ajabu lililoletwa na meli. Ni kilimo cha kurutubisha ardhi kwa samadi, mboji na mazao ya jamii ya kunde, cha kubadilisha mazao shambani, na cha kupambana na wadudu bila kemikali za viwandani. Bibi zetu wengi walilima hivyo bila kukipa jina. Lililo jipya ni kiwango kilichoandikwa, pamoja na ukaguzi wa kuthibitisha kwamba mkulima amekifuata.

Hapo ndipo tunapokutana na kinyume cha mambo. Nchi yetu ina maelfu ya wakulima wa kilimo hai waliothibitishwa. Kahawa ya Kagera na kakao ya Kyela zimepata soko Ulaya kwa sifa hiyo. Huko Meatu pamba imelimwa kwa utaratibu huo tangu mwaka 1994. Mazao hayo yanatuletea fedha za kigeni, na hilo ni jema. Lakini inakuwaje taifa liweze kumhakikishia mnywaji wa kahawa wa Ulaya usafi wa kikombe chake, lakini lisiweze kumhakikishia mtoto wa Mbagala usafi wa nyanya yake?

Wapo watakaojibu kwamba chakula cha namna hiyo ni ghali kwa asili yake. Jibu hilo lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba palizi ya mkono na kutengeneza mboji hudai jasho zaidi. Lakini sehemu kubwa ya bei tunayoiona dukani haiendi kwa mwenye jembe. Inaingia katika gharama za kumleta mkaguzi, vifungashio, majokofu, usafiri wa shehena ndogo ndogo, na faida ya duka lenyewe. Mkulima mdogo mwenye robo ekari ya mboga hawezi kumlipa mkaguzi wa kampuni, kwa hiyo mchicha wake, hata ukiwa safi namna gani, huingia sokoni bila jina na kuchanganywa na mwingine wowote.

Dawa ya ugonjwa huo ipo, nasi tunaishiriki. Mwaka 2007 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipitisha kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, na pamoja nacho ikazaliwa nembo ya Kilimohai. Mkulima anaweza kuipata nembo hiyo kwa njia ya dhamana ya kikundi. Wakulima wa eneo moja wanajiunga, wanakubaliana juu ya kanuni, kisha wanakaguana shamba kwa shamba. Kila mmoja anafahamika kwa jirani yake, na anayekiuka anawaponza wenzake wote. Kumbukumbu zinaandikwa, na wanunuzi nao wanaweza kushiriki katika ukaguzi. Gharama yake ni ndogo kwa sababu mtaji wake mkubwa ni uaminifu. Kwa taifa lililolelewa katika moyo wa ujamaa na ushirika, utaratibu huu haupaswi kuwa mgeni.

Hata hivyo tusidanganyane. Kilimo hai hakiletwi kwa amri ya siku moja. Mwezi Aprili mwaka 2021 Serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani nchi nzima. Wakulima hawakuwa wameandaliwa, mboji ya kutosha haikuwapo, mavuno ya mpunga yakaanguka, na kabla ya mwaka kwisha amri ile ikalegezwa. Hilo ni funzo kwetu. Mkulima wa mahindi wa Ruvuma au Rukwa anayepata mbolea ya ruzuku analilisha taifa, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema anyang'anywe. Tunachosema ni kwamba, pamoja naye, yule mwingine anayelima kwa samadi na mboji apewe maarifa, soko na heshima. Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai, uliozinduliwa mwaka 2023, umefungua mlango. Mlango ukishafunguliwa, wajibu wa kuingia ni wetu.

Wala tusitie watu hofu bure. Si kila zao lililopigwa dawa ni sumu. Kila kiuatilifu halali kina kipimo chake na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na tunayo mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Hatari inaanza pale mkulima asiyeelekezwa anapochanganya dawa tatu katika bomba moja, au mwenye tamaa anapopulizia leo na kuchuma kesho kwa kuwa lori la mlanguzi limekwisha fika. Nyanya, kabeji na vitunguu ni miongoni mwa mazao yanayopigwa dawa mara nyingi zaidi. Anayeumia kwanza ni mkulima mwenyewe, anayepuliza bila kinga ya pua wala mikono.

Kwa upande mwingine, vyakula ambavyo wakulima wetu wadogo kwa kawaida huvilima kwa dawa kidogo au bila dawa kabisa vimejaa magengeni kwa bei nafuu: muhogo, viazi vitamu, matembele, kisamvu, mlenda, majani ya maboga, mtama na uwele. Vyakula hivyo havina nembo, na asiyeona shamba hawezi kuapa. Lakini kwa mwenye mshahara mdogo anayetaka kupunguza kemikali katika sufuria yake, hapo ndipo pa kuanzia. Kinachotuzuia mara nyingi ni kasumba. Tumejifunza kuviona vyakula hivyo kuwa vya shida, tukamkaribisha mgeni kwa mkate mweupe na kumficha muhogo jikoni.

Pamoja na hayo, juhudi ya mnunuzi mmoja mmoja haitoshi. Mnunuzi mkubwa wa chakula katika wilaya nyingi ni umma wenyewe: shule za bweni, hospitali, vyuo na magereza. Brazil ilielewa jambo hilo. Sheria yake ya mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya kaya za wakulima wadogo, na zao la kilimo hai liliruhusiwa kulipwa hadi asilimia 30 zaidi ya bei ya kawaida. Nchi hiyo pia inaitambua kisheria dhamana ya vikundi. Mkulima aliyehakikishiwa soko hana sababu ya kulikimbilia duka la matajiri. Anaweza kulima kwa wingi, na wingi ndio unaoteremsha bei hadi gengeni.

Ndugu wasomaji, wengi wenu ni walimu na watumishi wa umma, na hoja hii inawahusu kuliko wengine. Mwalimu anayo ardhi ya shule. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa kuwa darasa. Halikukusudiwa kuwa adhabu ya wachelewaji. Shimo moja la mboji na matuta machache ya mboga vinaweza kumfundisha mtoto sayansi, hesabu na lishe kwa pamoja, na mchana akala alichokifundishwa. Mzee wa kijiji anayejua kutumia mwarobaini na majivu aalikwe darasani kama mtaalamu mwingine yeyote.

Mtumishi wa halmashauri naye anayo kalamu. Ndiye anayeandaa zabuni za vyakula, ndiye anayegawa vizimba sokoni, ndiye anayepitia maombi ya mikopo ya vikundi vya wanawake na vijana. Kizimba kimoja katika kila soko kikitengwa kwa vikundi vyenye dhamana, na ubao ukaandikwa kwa Kiswahili jina la kikundi na kijiji kilikotoka, yule mama wa genge atajua alfajiri anachukua mchicha wa nani. Hahitaji jokofu wala rafu ya kioo. Anachohitaji ni jibu la kumpa mteja wake.

Zamani, kampeni za redio za "Mtu ni Afya" mwaka 1973 na "Chakula ni Uhai" mwaka 1975 ziliwakusanya mamilioni ya wananchi katika vikundi vya kujifunza, ili maarifa ya afya na lishe yasibaki kwa madaktari peke yao. Moyo ule haujazeeka. Ikiwa chakula ni uhai, basi chakula kinachoaminika ni haki ya kila mwenye uhai, awe ameingia kwenye duka la vioo au amesimama gengeni na shilingi elfu moja mkononi.