Fundi wa pikipiki anastahili kitabu cha Kiswahili

Ni jambo lisilopingika kwamba pikipiki imekuwa nguzo ya maisha ya mwananchi wa kawaida nchini Kenya. Usafiri huu ulianzia Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria kutoka "boda" moja hadi nyingine. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, baiskeli ilipisha injini, na jina la boda boda likaenea nchi nzima. Hapa Changamwe, kuanzia Magongo hadi Chaani na Port Reitz, kuli wa bandarini, muuguzi anayewahi zamu ya usiku na mama anayepeleka samaki sokoni, wote huitegemea.

Hata hivyo, kila tunapoijadili pikipiki hadharani tunazungumzia ajali, uhalifu na kura. Mnamo Machi 2022, baada ya mwanamke mmoja kushambuliwa na waendeshaji jijini Nairobi, dola nzima iliamka na msako ukafanywa. Kwamba uhalifu ule ulistahili kulaaniwa hakuna mjadala. Lakini ni nadra kumsikia kiongozi akiuliza swali dogo ambalo uhai wa abiria huenda ukalitegemea zaidi: injini hizi zinapochakaa, ni nani anayezifungua, alijifunzia wapi, na kwa lugha gani?

Jibu la swali hilo si siri kwa anayeishi Port Reitz. Zinafunguliwa uani. Jirani yangu, kijana mwenye mke na watoto wawili, aliitandika gunia chini ya mwarobaini Jumapili moja, akaifungua yake kipande baada ya kipande. Kwa majuma kadhaa pikipiki ilikuwa ikitoa moshi wa buluu na kumaliza oili kabla ya wakati wake, na mlima wa Kibarani ilikuwa ikiupanda kwa kulalamika. Nilipomwuliza kwa nini asiipeleke kwa fundi, alinijibu bila kuinua uso: "Mwalimu, fundi ataniweka siku mbili. Siku mbili bila kazi, na mkopo wa pikipiki haungoji. Hii ni ringi tu."

Ringi tu! Yafaa wasomaji wafahamu uzito wa maneno hayo mawili. Pistoni ya injini ya namna hii huvikwa ringi tatu kwa kawaida. Mbili za juu huzuia gesi iliyoshindiliwa isivuje, na ya chini hupangusa oili kwenye ukuta wa silinda isipande ikaungua. Ringi zikilika, nguvu hupungua na oili huingia motoni. Ndiyo maana ya moshi ule wa buluu. Ili kuzifikia ni lazima tangi liondolewe, kabureta na bomba la moshi vifunguliwe, kisha hedi na silinda vivuliwe kutoka kwenye injini, na cheni ya taimingi ishikiliwe isitumbukie ndani.

Kazi hiyo haimshindi mtu mwenye mikono mitulivu. Ugumu umo katika mambo ambayo macho hayayaoni. Ringi mpya sharti kwanza iingizwe peke yake ndani ya silinda, na mwanya kati ya ncha zake upimwe kwa kipimo cha visahani vyembamba. Mwanya ukizidi kiwango kilichowekwa na mtengenezaji hata kwa ringi mpya, basi silinda yenyewe imeliwa, na ringi pekee ni fedha iliyotupwa baharini. Hapo dawa ni kuichonga silinda upya na kutia pistoni kubwa zaidi. Alama ndogo iliyochorwa kwenye ringi sharti ielekee juu. Nyanya za ringi tatu, yaani pale ncha zinapokutana, zisipangwe kwenye mstari mmoja. Gasketi ya zamani hairudishwi. Boliti za hedi hukazwa kwa kupokezana, pembe hii kisha ile inayoikabili, kidogo kidogo. Na alama za taimingi zisipolingana, valvu yaweza kuigonga pistoni mara injini inapowashwa.

Jirani yangu aliyajua mengi kati ya hayo. Kukaza boliti kwa kupokezana alikujua. Kubadilisha gasketi alikujua. Lakini kipimo cha mwanya hakuwa nacho, na alama kwenye ringi aliidhania kuwa nembo ya kiwanda. Ndani ya boksi la ringi mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, yenye maelezo kwa Kiingereza kwa herufi za kutafutwa kwa kurunzi. Aliitumia kufutia mikono.

Si ujinga wake huo. Kijana yule anasoma gazeti hili, anaandika ujumbe wa simu kwa Kiswahili fasaha, na angeweza kufuata maelekezo ya kurasa kumi bila kuchoka kama yangeandikwa kwa lugha anayoifikiria. Tatizo ni kwamba maarifa yanayomhusu yamefungiwa katika lugha ambayo shule ilimpa kwa vipande na maisha hayakumkamilishia.

Nikiwa mtu wa isimu, naona kinaya kikubwa katika hali hii. Neno "fundi" na neno "mwanafunzi" ni ndugu wa mzizi mmoja, ule ule unaozaa "funda", "fundisha" na "mafunzo". Kwa wahenga waliounda lugha hii, mtu wa kazi ya mikono na mtu wa elimu walitoka nyumba moja. Ni sisi, wasomi wa zama hizi, tuliowatenganisha: mwanafunzi tukampa kitabu, fundi tukampa spana.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kubeba mambo ya injini. Hoja hii imezeeka, na ingefaa ipumzishwe. Kiswahili kilichukua "usukani" kutoka chomboni baharini kikautia ndani ya motokaa. Kilipokea "karakana" kutoka Uajemi. Kilisikia mlio wa mashine kikauita "pikipiki". Mafundi wetu kwa upande wao wamekwisha kumaliza kazi ambayo kamati za lugha zingeichukulia miaka: pistoni, ringi, silinda, hedi, gasketi, klachi, valvu, kabureta, plagi. Hata wametenganisha maana kwa ustadi wa kupendeza, kwani "pete" ameachiwa bibi harusi na "ringi" akapewa injini, wala hakuna anayechanganyikiwa. Msamiati upo tele. Ambacho hakipo ni mtu wa kuuandika na kuupanga.

Wengine watahoji kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya biashara ya vipuri duniani, na kumfundisha fundi kwa Kiswahili ni kumfungia dirisha. Hoja hii ina uzito zaidi, lakini inajijibu yenyewe. Maneno ya mafundi wetu mengi yametoholewa kutoka Kiingereza hicho hicho. Atakayeijua ringi vizuri hatapotea dukani. Mtu huvuka daraja akiwa amesimama kwanza kwenye ukingo wake. Asiyeelewa kazi ya ringi kwa lugha yoyote hataielewa kwa kukariri jina lake la kigeni.

Tena kuna suala la haki. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua. Tukivisoma vifungu hivi viwili kwa pamoja, twajiuliza: mtu anayeuziwa pikipiki kwa mkopo, akapewa kijitabu asichoweza kukifuata, amepewa habari gani? Pikipiki hizi huwasili Kilindini zikiwa vipande ndani ya makontena, zikaunganishwa humu humu nchini. Zinapita mbele ya macho yetu hapa Port Reitz. Anayeweza kuleta maelfu ya boksi hizo hashindwi kuchapisha kurasa ishirini za Kiswahili na kuzitia ndani.

Serikali nayo haiwezi kunawa mikono. Kenya imeisifu jua kali tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ilipouonyesha ulimwengu kwamba sekta hii isiyo rasmi ndiyo inayowalisha wengi. Mwaka 1992 serikali iliitolea waraka wake rasmi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliahidi kumfanya mtoto ajitegemee kwa mikono yake, na katika mfumo huo huo Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Lakini lugha na ufundi havikukutanishwa. Ufundi ulifundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kikabakia cha ngeli na methali. Mtaala wa umilisi unaotumika sasa unarudia ndoa hiyo hiyo iliyovunjika: somo la utangulizi wa ufundi katika shule ya sekondari ya chini hufundishwa kwa Kiingereza.

Je, kuna hatari gani tukiendelea hivi? Ya kwanza ni ya mwili. Ringi iliyotiwa vibaya huishia kwenye hasara; lakini kijana yule yule anayejifunza kwa kubahatisha injini ndiye anayejifunza kwa kubahatisha breki. Ya pili ni ya mazingira. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki moja ni kikombe tu. Lakini uani mwingi una pikipiki, na mitaro ya Port Reitz huteremka kwenye mkono wa bahari wenye mikoko. Mikoko hiyo iliumia mwaka 2005 mafuta yalipomwagika kutoka melini bandarini, na wavuvi hawajasahau. Tone la uani halitangazwi kwenye habari, lakini bahari hulipokea.

Ya tatu inakuja mbio, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mnamo Septemba 2023, papa hapa Mombasa, Rais William Ruto alizindua mpango wa kitaifa wa vyombo vya umeme. Pikipiki ya umeme haina ringi wala oili ya injini, nayo yaweza kuwa neema kwa mapafu yetu. Lakini ina betri ambayo katika mipango mingi si mali ya mwendeshaji, na ina mitambo ya elektroniki isiyofunguliwa kwa spana. Fundi wa uani ambaye hakupewa kitabu cha injini aliyoizoea atapewa cha hiyo asiyoijua? Asipopewa, atabaki mteja wa kudumu wa kampuni, na karakana ndogo za Magongo na Chaani zitafunga milango. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeiona hatari kama hiyo hata kwa wananchi wao wenye uwezo, na mwaka 2024 zikapitisha sheria ya haki ya kutengenezewa bidhaa, inayowabana watengenezaji katika upatikanaji wa vipuri na habari za matengenezo ya baadhi ya bidhaa.

Ninapendekeza mambo matatu, nayo si ya gharama kubwa. Kwanza, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani ishirikiane na vyuo vikuu na mafundi wenyewe kuandaa kijitabu cha matengenezo ya pikipiki kwa Kiswahili, chenye michoro, kikitumia maneno ya karakana badala ya yale yaliyobuniwa ofisini. Pili, fundi aliyejifunza uani aruhusiwe kutahiniwa kwa Kiswahili, kwa mdomo na kwa vitendo, apate cheti kinachomwezesha kukopa na kuajiriwa. Tatu, kila mwuzaji wa pikipiki, ya petroli au ya umeme, alazimishwe na sheria kuambatanisha maelezo kwa lugha ya taifa. Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 kuundwa kwa baraza la Kiswahili nchini. Sioni kazi ya kwanza iliyo bora zaidi kwa chombo cha namna hiyo.

Nasi walimu wa lugha tuna deni letu. Tumezoea kukisifu Kiswahili majukwaani kila tarehe 7 Julai, kwa mashairi na magwaride. Lugha haikui kwa kusifiwa. Hukua inapopewa kazi, na kazi ipo: imetandazwa juu ya gunia, ikinuka petroli, na inamngoja mtu atakayeiandika.