Tuwafungulie Watanzania Msitu wa Uluguru

Familia inayotoka Dar es Salaam kwa gari kwenda Iringa au Mbeya hufika Morogoro baada ya kilomita zipatazo 190. Hujaza mafuta, hununua ndizi, kisha huendelea kuelekea Mikumi, milima ya Uluguru ikiwa imebaki mkono wa kushoto. Tangu Juni 2024 treni ya SGR imeusogeza mji huo karibu zaidi na Dar es Salaam, lakini mlima bado tunautazama kwa mbali. Naona hilo ni kosa, tena la gharama. Watanzania wakiwezeshwa kupanda Uluguru kwa miguu na kulala kwenye mahema chini ya miti yake mikubwa, kwa njia zilizopangwa na waongozaji wa vijiji vya mlimani, msitu utapata watetezi ambao doria peke yake haiwezi kuupatia.

Kinacholindwa pale si kidogo. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008 na ina zaidi ya hekta 24,000. Miteremko ya mashariki, inayopokea mawingu ya Bahari ya Hindi, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Huko kuna mikulo na miti mingine ya karne nyingi, na ndege wasiopatikana popote pengine duniani. Maji ya mlima huingia mto Ngerengere, unaojaza bwawa la Mindu, na mto Ruvu, unaotegemewa na mamilioni ya wakazi wa Dar es Salaam na Pwani. Hata hivyo, anayefungua bomba Temeke hana sababu ya kuijua Bunduki, mahali ambapo msitu wa kaskazini na wa kusini uliungana zamani na leo umetenganishwa na mashamba. Ukanda ule haukumalizwa na wapanda milima. Umemalizwa na mahitaji ya ardhi ya watu ambao mti uliosimama haukuwaingizia chochote.

Uluguru imekwisha kutufundisha kwamba amri haitoshi. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 wananchi walikataa, ghasia zikazuka na mpango ukavunjika. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, ila mkulima aliona jasho bila faida. Ndiyo maana sehemu ya kiingilio inapaswa kubaki kijijini kwa utaratibu ulioandikwa na kusomwa kwenye mkutano wa hadhara, na chakula cha wageni kinunuliwe papo hapo. Wakulima wa Mgeta na Nyandira, huko mlimani, wanalisha masoko ya Dar es Salaam kwa mboga. Hawatashindwa kulisha kambi ya watu 20.

Wapo wanaohofia kwamba wageni wataharibu kile wanachokuja kukiona, na hofu hiyo ina ushahidi. Huko California, mti mrefu kuliko yote duniani, Hyperion, wenye urefu wa mita zipatazo 116, ulifungiwa wageni mwaka 2022 baada ya watu kukanyaga mimea na udongo kuuzunguka. Lakini tuangalie sababu. Hapakuwa na njia rasmi ya kuufikia, kwa hiyo kila mtu alijikatia yake. Uluguru, yenye udongo unaoporomoka upesi, inahitaji njia chache zinazotunzwa, kambi pembezoni mwa msitu mnene, idadi ya watu yenye ukomo, na marufuku ya kuwasha moto wa kuni. Kiangazi nyasi za juu huwaka kwa urahisi, kwa hiyo jiko la gesi liwe sharti. Mwongozaji aliyezaliwa mlimani, Kinole au Tchenzema, anayelipwa vizuri, atayasimamia haya kwa sababu riziki yake imo humo.

Pingamizi jingine husema kulala msituni si desturi yetu, ni mambo ya Wazungu. Skauti wetu wamelala kwenye mahema kwa miongo mingi, na vijana wa Morogoro hupanda Morningside, kwenye mteremko wa Uluguru, kila mara. Kinachokosekana ni bei ya mwananchi, mahema ya kukodi, na taarifa kwa Kiswahili. Wakala wa Huduma za Misitu ungeweza kuanza na njia ya Morningside na ile ya Lupanga, kilele kinachoutazama mji na kinachozidi mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine kilicho pale chini kupima hali ya njia na miti kila baada ya msimu, na kuifunga njia itakapochoka. Upande wa Bunduki usubiri matokeo hayo.