Kabla ya Kuuza Kiwanja kwa Ajili ya Visa ya Uingereza

Nasomea shahada ya uzamili ya biashara ya kimataifa Uingereza. Kila nikipiga simu Mombasa naulizwa, "Huko kazi zipo?" Zipo, lakini wakati wa masomo sheria hairuhusu zaidi ya saa 20 kwa wiki. Kwa kima cha chini kilichoanza Aprili 2025, ambacho kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, hizo zilikuwa pauni 244. Kodi ya chumba, chakula na nauli huzimaliza, karo haiguswi. Ada ya matibabu, pauni 776 kwa mwaka, hulipwa hata visa haijatoka.

Masomo ni mazuri, sikatai. Ikitajwa M-Pesa darasani, Mkenya hutamba.

Tangu Januari 2024 wengi wetu haturuhusiwi kuja na mke, mume au watoto. Na anayetegemea kubaki miaka miwili baada ya kuhitimu ajue kuwa atakayeomba kuanzia Januari 2027 atapewa miezi 18. Mawakala wengi hulipwa na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayemleta, kwa hivyo haya huyapitia juujuu. Mzazi anayeuza kiwanja cha Likoni au Kisauni ahakikishe karo yote iko mkononi, asitegemee kwamba mtoto "atajitafutia huko huko."