Mashine Kuukuu za Kuoshea Vyombo na Watu Wanaozihifadhi

Watu wengi wakisikia habari ya kukusanya vitu vya kale, mara fikira zao huenda kwenye sarafu, stempu, majambia, saa za ukutani na vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Ni wachache watakaodhani kwamba yuko mtu mwenye akili timamu awezaye kusafiri siku nzima kwa ajili ya mashine kuukuu ya kuoshea vyombo, akaipakia garini kwa taabu, akaifikisha kwake, akaifungua kipande kwa kipande na kuisafisha kama mtoto mchanga. Lakini watu hao wapo, na wengi wao wako Marekani. Mwezi huu twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari zao, maana tumeona kwamba ndani ya jambo hili, ambalo kwa juu juu laonekana la mzaha, mna mafunzo kwa kila nyumba ambamo watu hula na vyombo huchafuka.

Yafaa kwanza tueleze asili ya mashine yenyewe. Mwaka wa 1850 Mmarekani mmoja, Joel Houghton, alipata hataza ya chombo cha mbao chenye gurudumu la kuzungushwa kwa mkono ili kuvirushia vyombo maji. Chombo hicho hakikufaa sana. Aliyefaulu hasa ni mwanamke, Bibi Josephine Cochrane, mkaaji wa mji mdogo wa Shelbyville katika jimbo la Illinois. Bibi huyu hakusomea ufundi wa mashine. Alikuwa na vyombo vya kauri vya thamani, na baada ya karamu watumishi walipoviosha, vingine vilimeguka kingo. Akaanza kuviosha mwenyewe, akachoka, ndipo akaazimia kutafuta njia nyingine.

Mwaka wa 1883 mumewe alifariki na kumwachia madeni. Tangu hapo, jambo lililoanza kwa huruma ya sahani likawa tumaini la riziki yake. Alipima sahani, vikombe na visahani vyake, akatengeneza vichanja vya waya vyenye nafasi iliyolingana na kila chombo. Vichanja hivyo vilipangwa katika gurudumu lililolazwa ndani ya pipa la shaba nyekundu. Gurudumu lilipozunguka, maji moto yenye sabuni yalirushwa kutoka chini yakavipiga vyombo kila upande. Akili yake ilikuwa hapo: hakutegemea brashi za kusugua, bali alitegemea nguvu ya maji. Tarehe 28 Desemba 1886 alipewa hataza yake, na mwaka wa 1893 mashine yake ilipata tuzo katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanywa Chicago.

Lakini walioinunua hawakuwa akina mama wa nyumbani. Walikuwa wenye hoteli na mikahawa. Nyumba nyingi za wakati ule hazikuwa na maji moto ya kutosha mashine kama hiyo, na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Bibi Cochrane alifariki mwaka wa 1913. Mwaka wa 1926 kampuni yake iliingia mikononi mwa kampuni ya Hobart, nayo ndiyo iliyotoa mwaka wa 1949 mashine ya nyumbani kwa jina la KitchenAid. Tukihesabu tangu hataza hadi hapo twapata miaka 63. Yaani lile lililobuniwa na mwanamke kwa ajili ya vyombo vya nyumbani kwake lilizunguka hotelini zaidi ya nusu karne kabla ya kurejea jikoni.

Ulaya nako watu hawakukaa kimya. Mwaka wa 1924 Mwingereza William Howard Livens alibuni mashine ndogo ya nyumbani yenye mlango wa mbele, kichanja cha waya na kirushio cha maji kinachozunguka, karibu sawa na tuzionazo leo. Bwana huyu ndiye aliyebuni pia, katika Vita Kuu ya Kwanza, mtambo wa kurushia gesi ya sumu. Ajabu ya akili ya binadamu! Mikono ile ile yaweza kubuni cha kuua na cha kuoshea sahani. Baada yake, mwaka wa 1929, kampuni ya Miele ya Ujerumani ilitoa mashine iliyokwenda kwa umeme.

Mashine zinazopendwa zaidi na wakusanyaji ni za baada ya Vita vya Pili, tangu mwisho wa miaka ya 1940 mpaka miaka ya 1970. Wakati huo kila kampuni ilikuwa ikijaribu njia yake, na hakuna aliyejua bado ipi ingeshinda. Zilikuwako zenye pangaboi dogo chini ya pipa, lililoyachota maji na kuyavurumisha juu. Zilikuwako zenye mkono wenye matundu uliozunguka kwa msukumo wa maji yenyewe, na mtindo huu ndio ulioshinda. Kampuni ya Youngstown Kitchens ilitoa mashine iliyoitwa Jet-Tower, ambayo katikati yake palisimama mnara mwembamba uliotoa maji ya nguvu pande zote. Nyingine zilikuwa na magurudumu. Mama aliivuta mpaka karibu na sinki, akaufunga mpira wa maji kwenye bomba, na kazi ilipokwisha akairudisha pembeni. Mtindo huu uliwafaa sana wapangaji, maana nyumba si yao na hawakuweza kuvunja ukuta.

Ya ajabu kuliko zote ni ile iliyoitwa Thor Automagic, ya miaka ya 1940. Mashine hii ilifua nguo na kuosha vyombo pia! Pipa la nguo liliondolewa, likatiwa pipa la vyombo, na mota ikawa ile ile. Hapana shaka wasomaji wetu watatabasamu, kwa kuwa katika nyumba ya Kiislamu mambo ya tahara hayafanyiwi mchezo, na mama mkwe angeuliza maswali mengi kabla ya kula katika sahani hizo, hata akielezwa kwamba pipa limebadilishwa. Huko Marekani kwenyewe haikudumu sokoni. Leo mkusanyaji akiipata ikiwa na mapipa yake yote mawili, huona kama amepata hazina.

Mashine hizi ziliingia hata katika siasa. Tarehe 24 Julai 1959, katika maonyesho ya Marekani mjini Moscow, Makamu wa Rais Richard Nixon alimwongoza Nikita Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya wakati ule, mpaka katika jiko la mfano, akamwonyesha mashine ya kuoshea vyombo. Khrushchev hakukubali kushangazwa. Aliuliza kwa kejeli kama hawana pia mashine ya kumtilia mtu chakula kinywani na kukisukuma kishuke. Viongozi wa mataifa mawili yenye silaha za kuangamiza ulimwengu walisimama wakibishana mbele ya sahani chafu.

Sasa, kwa nini vitu hivyo vimekuwa adimu? Sababu yake ni nyepesi. Mtu huweza kurithi saa ya babu yake akaiweka ukutani, au redio akaiweka sebuleni. Lakini mashine ya vyombo hujengewa chini ya meza ya jiko, haionekani ila mlango wake. Siku jiko likibomolewa ili litengenezwe upya, mashine hutupwa pamoja na mbao. Hakuna aitazamaye mara ya pili. Kwa hiyo watunzaji huwahi nyumba za wazee kabla hazijauzwa, wakiomba ruhusa kuingia jikoni, na mara nyingine hukuta mashine ya waridi au ya rangi ya feruzi imekaa pale pale ilipotiwa bibi na bwana walipooana.

Kazi huanza baada ya kuipata. Raba ya mlango huwa imekauka ikapasuka. Mipira ya maji huwa migumu kama mti. Waya za vichanja huwa zimekula kutu. Vipuri havitengenezwi tena, na mtunzaji hulazimika kununua mashine mbili mbovu ili apate moja nzima. Hukusanya pia vitabu vya maelezo na matangazo ya magazeti ya zamani, kwa sababu bila maelezo hayo hawezi kujua kila swichi ilikusudiwa nini. Wengine huweka kioo mahali pa mlango wapate kutazama maji yanavyofanya kazi. Waulize sababu, watakuambia kwamba mlio ule waliusikia utotoni, wakiwa wamelala, mama akiwa amemaliza kazi ya usiku. Mlio huo kwao ni sauti ya nyumba iliyotulia.

Hata sabuni imewapa mtihani. Sabuni za unga za zamani zilikuwa na fosfati nyingi, nayo ndiyo iliyong'arisha glasi. Lakini fosfati ikifika maziwani hurutubisha mwani mpaka hewa ya majini hupungua na samaki wakafa. Mwaka wa 2010 majimbo mengi ya Marekani yalizuia kuitia katika sabuni hizo, na mwaka wa 2017 nchi za Umoja wa Ulaya zikaweka mpaka wake. Tena mashine nyingi za zamani zilitumia lita 40 za maji au zaidi kwa mwosho mmoja. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 2013 ilizitaka mashine mpya za ukubwa wa kawaida zisizidi lita 19. Ni kweli kwamba za zamani zilimaliza upesi, pengine chini ya saa moja, na za sasa huchukua saa mbili au zaidi. Hata hivyo, maji ni maji.

Hapa twapenda kusema neno letu. Wako watakaowalaumu watu hawa kwa israfu. Sisi twaona kwamba jambo lategemea namna lifanywavyo. Mtu akizijaza banda lake mashine thelathini asizozitengeneza, akawanyima watu wake nafasi na fedha, huo ni mrundo tu, hata akiuita makumbusho. Na mtu akiiendesha mashine ya kale kila siku kwa ukaidi, akimwaga maji ambayo mashine mpya ingeyahifadhi, huyo amegeuza mapenzi kuwa uharibifu. Lakini akichagua chache, akazijua, akaziandikia historia zao, na akaziwasha siku ambayo kuna mtoto wa kufundishwa au mgeni wa kuonyeshwa, huyo amehifadhi elimu ambayo ingalipotea.

Elimu gani? Elimu ya kazi isiyoonekana. Majumba ya makumbusho yamejaa panga za mashujaa na viti vya wafalme, lakini sahani iliyooshwa jana haiachi alama yoyote, maana leo imechafuka tena. Mwanamke aweza kuosha vyombo miaka hamsini, na siku akifa kusiwe na kitu hata kimoja cha kuonyesha kwamba alifanya kazi hiyo. Mashine kuukuu, kwa kutu yake na raba zake zilizopasuka, ni shahidi wa kazi hiyo. Yatwambia kwamba yuko aliyechoka, na yuko aliyefikiri namna ya kumpunguzia uchovu.

Basi enyi vijana, msidhani kwamba habari hii ni ya Wamarekani pekee. Katika nyumba zetu nyingi mashine ya vyombo ni mikono ya mama, ya dada au ya mtumishi. Yatazameni mabakuli ya futari usiku wa Ramadhani, namna yanavyopandana baada ya watu kushiba, kisha mjiulize ni nani anayebaki nayo wakati wengine wanakwenda tarawehe. Kijana wa kiume anayenyanyuka na kuosha bakuli lake hapunguki heshima yake hata chembe. Twajua sote kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake.

Na baada ya kuosha, mketi na bibi zenu. Waulizeni walisugua sufuria kwa nini kabla ya sabuni za dukani, kama ni majivu, mchanga au makumbi ya nazi, maji waliyateka wapi, na nani aliwafundisha. Yaandikeni majibu yao pamoja na majina yao. Na kama nyumbani mna chombo chochote cha umeme cha zamani, msikitie katika umeme kabla fundi hajakagua waya zake, maana waya kuukuu zaweza kuua.

Bibi Cochrane hakuiona mashine yake ikiingia katika nyumba za watu wa kawaida. Wenye kuiona ni waliokuja baada yake, na wanaomkumbuka ni hao wanaopiga magoti jikoni kwa wazee wakiifungua misumari iliyoota kutu. Sisi tusingoje mpaka mama zetu waondoke ndipo tuanze kuikumbuka kazi yao. Usiku huu huu, chakula kikiisha, vyombo vipo.

Wabillahi tawfiq.