Mavazi ya Likizo Wakati wa Kaskazi

Safu ya Kila Juma
Na Mwinyi Kombo Sheha

Kila iwadiapo sikukuu ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari, na hasa inapopakana na Jumamosi na Jumapili hata watu wakapata siku tatu za kupumua, boti ziendazo Unguja kutoka Dar es Salaam hujaa abiria ambao, ukiwatazama, utadhani wanakwenda kupigwa picha wala si kupumzika: suruali za jinzi zilizobana mapaja, fulana za poliesta zilizochapwa jina la kundi, raba nzito zenye soksi, na magauni ya kitenge yaliyotiwa bitana toka begani hadi magotini. Safari ni ya saa mbili hivi, lakini kabla boti haijafika bandari ya Malindi nyuso zimekwisha lowa, na mwenye gauni la bitana anamlaumu fundi ambaye, kwa insafu, alishona alichoagizwa.

Rai yangu mintarafu ya jambo hili ni sahali kuinena na ngumu kuifuata: wakati wa kaskazi kitambaa hutangulia, mshono hufuata, na rangi na nakshi huja mwisho, naye aupinduaye mpango huo, awe na mali kadiri gani, hawezi kupendeza, maadamu mtu aliye taabani ndani ya nguo yake hana wasaa wa kuivaa kwa madaha.

Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na katika miezi hiyo joto la mchana pwani aghalabu hupita digrii 30. Hata hivyo, udhia mkubwa wa pwani hautokani na joto peke yake, bali na unyevu ulioambatana nalo. Jasho hupoza mwili kwa kukauka juu ya ngozi, wala si kwa kutiririka, na hewa iliyokwisha shiba maji hulikausha kwa uvivu. Ukiongeza juu yake nguo ibanayo, isiyonywa maji wala kupitisha upepo, umeizuia tiba ambayo maumbile yamekupa bure. Pamba hulinywa jasho na kulitoa hewani. Kitani hukauka upesi zaidi, ingawa hukunjamana upesi na bei yake si ya kila mtu. Poliesta ya kawaida hainywi, hivyo jasho husalia mwilini na harufu ikasalia nguoni. Ipo poliesta ya wanamichezo iliyofumwa kwa hila ya kuliondoa jasho, na akimbiaye alfajiri ufukweni Paje simzuii kuivaa. Lakini fulana za sare zinazochapishwa kwa haraka wiki ya sikukuu si za jinsi hiyo.

Wako waniambiao kwamba siri ni kuvaa nyeupe tu. Nyeupe ni nzuri, lakini mwaka 1980 wataalamu wanne waliandika katika jarida la Nature juu ya Mabedui wavaao majoho meusi jangwani, wakaonyesha kwamba joto liufikialo mwili ni lile lile, joho liwe jeusi au jeupe, kwa sababu joto la ziada linaswalo na nguo nyeusi hupotea hewani kabla ya kuigusa ngozi. Joho ni pana, na upana huo ndio unaoipa hewa nafasi ya kupita. Jangwa ni kavu na pwani yetu ni chepechepe, kwa hiyo sitaipeleka habari hiyo mbali kuliko inavyostahili; yatosha kusema kwamba buibui pana jepesi laweza kumpa mvaaji raha kuliko fulana nyeupe iliyomkaba.

Katika mambo haya wenyeji wa pwani hawakungoja jarida. Karne ya 19 walivaa merikani, pamba nzito iliyoletwa na merikebu za Salem, Massachusetts. Baadaye ikaja kanga, nyepesi zaidi na yenye mapambo, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na lijulikanalo kwa alama ya Mali ya Abdulla, likaieneza katika pwani nzima. Kwa safari ya siku tatu sijui nguo iishindayo doti moja ya kanga: upande mmoja hufungwa kiunoni na wa pili hutupwa begani, ufukweni hutandikwa mchangani, hufutia maji, humstiri mtu abadilishaye nguo, na mtoto akisinzia hufunikwa nayo. Mnunuzi atazame pindo na mji, kisha asome jina kwa makini, kwani si busara kwenda kulala kwa mawifi na kanga ya mafumbo. Atahadhari pia na poliesta inayouzwa siku hizi kwa sura ya kanga. Chomoa uzi mmoja ukingoni, uuunguze: uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, wa poliesta huyeyuka ukafanya kitone kigumu.

Wanaume wana kikoi, ambacho wengi wamekigeuza nguo ya chumbani, na hiyo ni dhuluma. Kikoi na shati pana la pamba, pamoja na makubadhi miguuni, humfaa mtu barazani na ufukweni. Asiyezoea kufunga aweza kukishonesha kaptura. Jioni, upepo wa bahari unapopita Forodhani, kanzu nyepesi humpa mwanamume heshima bila jasho. Dera nalo ni vazi karimu kwa mwanamke, ila litazamwe urefu: boti nyingi za Nungwi hupandwa kwa kuingia majini, na dera liburutalo likishiba maji huwa mzigo wa mchana kutwa.

Kuhusu staha nitasema machache, maana neno hili limekwisha semwa sana. Vazi la kuogelea ni halali yake baharini. Darajani ni njia ya waendao sokoni na msikitini, nako kanga ile ile uliyoikalia mchangani, ukiikung'uta ukajifunga, hukutosheleza. Hili nawaambia wageni wa ng'ambo na wale wa Dar es Salaam kwa sauti moja.

Na sare? Siichukii. Watu waliosafiri pamoja wana haki ya kutambulikana, na picha ya kundi ina utamu wake. Lakini fulana yenye jina la kundi na tarehe ya safari huishia kuwa tambara la jikoni kabla ya masika, ilhali kina mama wetu walikwisha jua kufanya sare kwa kununua doti za kanga za namna moja, kila mmoja akarudi na mali itakayomfaa miaka.

Basi wewe unayefunga begi juma hili, toa jinzi moja, utie vikoi viwili au doti ya kanga, na uifue kwanza, kwani kanga mpya ina wanga na huchuja rangi. Kofia pana ya ukindu utainunua ukifika.