Pima Mita Kabla ya Kununua Mwanga
Huku Kibondo na Kasulu, zabuni ya chumba cha seva ikitaja mwanga, hakuna anayeuliza urefu. Kebo za mwanga zenye leza ndani ya vichwa vyake ni nzuri: nyembamba, zinabeba gigabiti 100 kwa sekunde hata kwa mita 30, na kituo kikubwa cha data kule Dar es Salaam kingezihitaji. Lakini ofisi ya halmashauri yenye kabati moja? Toka seva hadi swichi hapazidi mita 3, umbali ambao shaba inaumudu kwa kasi ileile, kwa bei nafuu na karibu bila kula umeme. Kisha vichwa vya ile ya mwanga vimefungwa kiwandani. Kimoja kikifa, unatupa kebo nzima na kusubiri nyingine ije kwa basi. (Ikifika, swichi ya chapa nyingine yaweza kuikataa, jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji.) Kabati likiwa mbali na kabati, haya, inunue, pamoja na ya akiba. Kati ya jengo na jengo, laza nyuzi za kioo za kawaida zenye moduli za kuchomoa: moduli ikiungua, inabadilishwa yenyewe na nyuzi zinabaki ardhini.