Kabla ya ada ya chuo cha utabibu, wodi kwanza



Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi wengi wa hapa Kinondoni huja ofisi ya msikiti kuomba mchango wa ada, na chuo kinachotajwa mara nyingi ni cha utabibu. Nia hiyo ni njema, kwani tabibu ndiye anayempokea mgonjwa katika zahanati na vituo vingi vya afya nchini. Swali langu kwa mzazi huwa moja: je, kijana huyu amewahi kushinda hospitalini akiwa si mgonjwa?

Sharti la kujiunga na stashahada ya utabibu ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Uzoefu wa wodini hauulizwi. Nchini Marekani, vyuo vingi vya wasaidizi wa madaktari, kada iliyo karibu na utabibu wetu, humtaka mwombaji aoneshe saa alizowahudumia wagonjwa. Kada hiyo ilianza Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965 kwa wanafunzi waliokwisha kuwa wauguzi wa jeshi la majini. Hata kwetu, tabibu aliyetaka kusomea udaktari msaidizi alitakiwa awe amefanya kazi kwanza.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alilipiwa ada kwa kiwanja alichokiuza baba yake. Siku ya kwanza wodini alikiona kidonda cha mgonjwa wa kisukari, akarudi nyumbani, asirejee chuoni tena. Hakuwa mvivu, leo ni fundi umeme hodari. Lakini kiwanja hakikurudi.

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na vyuo kwa kawaida hufunguliwa Septemba au Oktoba. Miezi hiyo isipotee barazani. Kijana achukue barua ya utambulisho serikali ya mtaa, amwandikie Mganga Mfawidhi wa zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Mwananyamala, aombe kujitolea. Akikataliwa mahali pamoja, ajaribu pengine. Kazi atakayopewa ni kuelekeza wagonjwa, kusukuma machela, kupanga mafaili na kusafisha. Asichome sindano wala kutoa dawa hata akishawishiwa, kwani hana idhini. Na siri ya mgonjwa ni amana: asipige picha, asisimulie mtaani.

Wazazi wa mabinti huhofia zamu za usiku, na hofu hiyo ina haki yake. Basi aombewe zamu ya mchana, katika wodi ya wanawake au ya watoto. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, aliuguzwa katika hema la bibi Rufaida al-Aslamiyya. Kuuguza si jambo geni kwa wanawake wa umma huu.

Baada ya miezi mitatu, mzazi mwulize mwanao amejifunza nini, kisha usikilize kwa makini. Akieleza habari za wagonjwa kwa huruma, bila kutaja majina, mtafutie ada. Akikwambia hawezi, mshukuru kwa ukweli wake, nanyi mtafute fani nyingine mkiwa bado na akiba yenu mkononi.

Wabillahi tawfiq.